Je, Wajua? Watoto wa Abayudaya Walisomea Nyumbani Kabla ya Kupata Shule

Taja Wayahudi kwenye kibanda chochote cha chai hapa Luzira, Kampala, na mazungumzo yatakwenda moja kwa moja Entebbe: ndege iliyotekwa mwaka 1976, mateka kwenye jengo la zamani la uwanja, makomando wa Israeli waliotua usiku wa manane. Ni kisa kikubwa, lakini kimewafunika Wayahudi wa Uganda wenyewe, ambao walikuwa wakisali nchini humu zaidi ya miaka 50 kabla ya ndege ile kutua. Wanaitwa Abayudaya. Wanakadiriwa kufika 2,000 hivi, wengi wao katika vijiji vinavyozunguka Mbale, na wengine Namutumba, kwenye barabara ya Tirinyi ambayo mabasi ya Kampala hupita kila siku. Mengi yanaweza kusemwa juu yao. Mimi linalonivuta zaidi ni hili: waliwafundishaje watoto wao dini ambayo hawakuletewa na mmisionari yeyote?

Je, wajua kwamba chanzo chake ni jemadari aliyekaa chini na kusoma Biblia?

Biblia kamili ya Kiganda ilitoka mwaka 1896. Miongoni mwa walioishika kwa mikono miwili alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeliteka eneo la mashariki kwa niaba ya Waingereza na aliyeanzisha mji wa Mbale. Alitarajia kufanywa mfalme wa eneo hilo, lililoitwa Bukedi, lakini Waingereza hawakumpa. Akawapa kisogo, akajiunga na Bamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali na kuitunza Jumamosi. Aliendelea kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kushikamana na vitabu vitano vya Musa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Bamalaki wakamwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Baganda kwa mila zao hawakuwa watu wa tohara. Huko Mbale alikohamia, majirani zake Bagisu walitahiri, lakini kwa namna yao: imbalu ni ya vijana, huchezwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana husimama wima mbele ya kijiji kizima. Mtoto wa Abayudaya hutahiriwa akiwa na siku nane. Somo lake la kwanza la dini anapewa kabla hajajua kushika kijiko, na ngoma za imbalu zinapolia miaka mingi baadaye, yeye tayari ana agano lake.

Je, wajua kwamba wazo la kuwa na shule lilikuja na mgeni aliyekaa miezi sita tu?

Karibu mwaka 1920 Kakungulu alikutana na Myahudi kutoka ng'ambo ambaye jumuiya inamkumbuka kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao kiasi cha nusu mwaka. Aliwafundisha kalenda: lini ni Mwaka Mpya, lini ni Siku ya Upatanisho, lini ni Sikukuu ya Vibanda. Aliwafundisha pia uchinjaji wa halali wa Kiyahudi. Kabla hajaondoka aliwahimiza waanzishe mahali pa kuwasomesha vijana ili elimu hiyo isife na wazee. Naiona kazi ya mwalimu huyu kuwa moja ya kazi kubwa zilizofanywa kwa muda mfupi katika historia ya elimu ya Uganda, ingawa hakuna barabara wala shule iliyopewa jina lake.

Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90, kilichokusanya sala na kanuni za kuishi Kiyahudi. Kwa familia nyingi hicho ndicho kilikuwa mtaala wote: kurasa 90, Biblia, na kumbukumbu ya yale aliyosema Yosef. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Uongozi ukashikwa na Samson Mugombe, na watoto wakaendelea kufundishwa na baba na mama zao.

Je, wajua kwamba “Uganda” ya Herzl haikuwa Uganda?

Mwaka 1903 Waingereza walimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, wazo la kuwapa Wayahudi wa Ulaya makazi Afrika Mashariki. Mpango huo uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambako leo kuna Eldoret nchini Kenya. Ulikataliwa mwaka 1905. Wakati Wazayuni wakiubishania mjini Basel, Kakungulu alikuwa ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon akijenga Mbale, akiwa bado Mprotestanti.

Je, wajua kwamba sheria ya Kiyahudi iliweka idadi ya wanafunzi darasani zamani sana?

Talmud, mkusanyo mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, inamtaja kuhani mkuu Yoshua ben Gamla wa karne ya kwanza, aliyeagiza kila mji uwe na walimu wa watoto kuanzia miaka sita au saba. Kabla ya hapo mtoto alifundishwa na baba yake, na yatima akabaki bila kitu. Hapo hapo marabi wanataja hesabu: mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakifika 40, apewe msaidizi. Wakifika 50, waajiriwe walimu wawili. Mwalimu yeyote wa Uganda aliyesimama mbele ya darasa tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997 anaelewa uzito wa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Hata hivyo, agizo hilo halikuwaondolea wazazi wajibu. Katika sala ya Shema, inayosemwa asubuhi na jioni, mzazi anakumbushwa kuwafundisha watoto akiwa ameketi nyumbani na akiwa njiani, anapolala na anapoamka. Shule inasaidia tu. Wajibu wenyewe uko mlangoni mwa nyumba. Kwa Abayudaya mpangilio huo ndio uliowaokoa, kama tutakavyoona.

Je, wajua kwamba Idi Amin alianguka siku ya mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi?

Baada ya kutwaa madaraka mwaka 1971, Amin aliipiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Masinagogi yakafungwa au kubomolewa. Wengi walihamia Ukristo au Uislamu, na waliobaki wakawa kama 300. Sala zikahamia ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini. Mtoto aliyezaliwa miaka ile hakuwa na sinagogi, hakuwa na darasa, hakuwa na mwalimu wa Kiebrania. Alichokuwa nacho ni mama anayeacha kazi Ijumaa jioni, baba anayejua zaburi kwa moyo, na onyo la kutokwenda kusimulia shuleni.

Kampala ilikombolewa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndipo Pasaka ilipoingia: usiku ambao Wayahudi dunia nzima husimulia jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Katika mlo huo mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayefungua masimulizi, akiuliza kwa nini usiku huu hauko kama nyingine zote. Sijui usiku mwingine wowote katika historia ya nchi hii ambapo swali la mtoto lilikuja kwa wakati wake namna hiyo.

Kilichofuata kinashangaza zaidi. Waliosimamisha upya jumuiya katika miaka ya 1980 hawakuwa wazee. Walikuwa vijana, akina Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, waliokaa pamoja katika kilima cha Nabugoye kwa mfano wa kibbutz, vijiji vya ushirika vya Israeli. Walilima pamoja, walijifunza Kiebrania, wakawafuata waliokuwa wameiacha dini na kuwaalika warudi. Watoto wa miaka ya marufuku wakawa walimu wa wazazi wao. Mwaka 1995 ujumbe wa shirika la Kulanu kutoka Marekani uliwatembelea, na mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Conservative waliwapokea rasmi watu wapatao 400, familia kwa familia, watoto wakiwemo. Waliopokewa hawakuwa wakianza dini. Wengi wao walikuwa kizazi cha tatu au cha nne.

Je, wajua ni nini hasa mtoto anakabiliana nacho siku anaposomea Torati mbele ya watu?

Lisogelee gombo. Ni ngozi ya mnyama halali, vipande vilivyoshonwa kimoja kwa kingine hadi vikawa mkunjo mrefu uliozungushwa kwenye vijiti viwili vya mbao. Limeandikwa kwa mkono, herufi 304,805, safu baada ya safu. Halina irabu. Halina nukta wala mkato, na halina alama yoyote ya kuonyesha sauti ipande wapi na ishuke wapi, ingawa Torati husomwa kwa kuimbwa. Kidole hakiruhusiwi kugusa maandishi, kwa hiyo msomaji hufuata mstari kwa kijiti ambacho ncha yake imechongwa kama mkono mdogo, kidole cha shahada kimenyooka. Mwandiko unakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, na mtoto jirani anayesoma chuo cha Kurani angeizoea haraka safari hiyo ya jicho. Hata herufi mbili za kwanza, alef na bet, zingemkumbusha alifu na bei zake.

Kwa hiyo mtoto hujifunza kwanza kutoka kitabu kilichochapwa, chenye irabu na alama za mahadhi, akirudia mpaka vyote viwe kichwani. Ndipo anapelekwa kwenye gombo, ambako vyote vimeondolewa. Mvulana huhesabiwa kuwajibika mwenyewe kwa amri akiwa na miaka 13, msichana 12, na Nabugoye wasichana husoma Torati sawa na wavulana. Abayudaya wenyewe kwa miaka mingi waliisoma Torati kwa Kiganda kutoka Biblia iliyochapwa. Mzee aliyelelewa hivyo, anapomsikia mjukuu akiisoma kwa Kiebrania bila irabu, anasikia kazi ya vizazi vinne.

Je, wajua kwamba nyimbo zao zimewahi kuingia kwenye mchujo wa Grammy?

Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ilitoa albamu ya muziki wa Abayudaya iliyorekodiwa na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Ndani yake kuna zaburi na sala za Sabato, lakini pia bembelezi na nyimbo za watoto. Haishangazi kwamba hizo zimo. Pale ambapo vitabu ni vichache, wimbo ndio daftari: zaburi iliyowekewa sauti za kwaya za Uganda hukaa kichwani mwa mtoto wa miaka minne ambaye hajui kusoma.

Je, wajua kwamba shule zao zimejaa watoto wasio Wayahudi?

Leo jumuiya ina Shule ya Msingi ya Hadassah na sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Wanasoma humo Wayahudi, Waislamu na Wakristo, kwa mtaala wa taifa. Watoto wa Kiyahudi hupata juu yake mafunzo ya dini yao. Ingekuwa rahisi kwa watu wachache hivyo, waliopitia marufuku, kujijengea ukuta. Walichagua kufungua lango, kama walivyofanya mwaka 2004 walipounda na majirani zao Waislamu na Wakristo ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera. Sizomu alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008, akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na kura za Wayahudi peke yake zisingemfikisha popote.

Je, wajua kwamba familia ya Kiyahudi Luzira haihitaji kubadilisha saa ya Sabato?

Sabato huingia jua linapotua Ijumaa. London mwezi Desemba hilo hutokea kabla ya saa kumi jioni, na mwezi Juni ni baada ya saa tatu usiku, hivyo wazazi wa huko hukimbizana na kalenda mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta. Ukisimama Port Bell ukitazama magharibi, jua litatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, iwe Januari au Julai. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Mtoto anajua saa hiyo kama anavyojua kengele ya shule.

Shida ya Kampala iko kwenye Jumamosi yenyewe. Shule nyingi za mjini hufundisha siku hiyo, hasa madarasa ya mitihani. Wanafunzi Waadventista walikwenda mahakamani kukipinga Chuo Kikuu cha Makerere juu ya masomo na mitihani ya Jumamosi, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamua kwamba chuo hakikuvunja Katiba. Kesi haikuwa ya Wayahudi, lakini uamuzi unamgusa kila atunzaye siku ya saba. Kwa hiyo mzazi wa Kiyahudi anayehamia upande huu wa Kampala kwa ajili ya kazi, kabla ya kuuliza ada, sare au basi la shule, ana swali la kumuuliza mwalimu mkuu ana kwa ana: Jumamosi mnafundisha, na mtoto akikosa vipindi hivyo mtamfidia siku gani?