Ukihamia, ubongo umeshahama

Wanaojenga Dar es Salaam wanaijua hali hii. Mtu ananunua kiwanja Chanika au Goba, anaweka msingi, tofali zinapanda kidogo kidogo kila mshahara ukiingia, na kwa miaka kadhaa maisha yote yanaahirishwa: kupumzika ni nikipaua, kwenda kijijini ni nikimaliza, kufurahi ni nikihamia. Anahamia. Wiki ya kwanza anazunguka vyumba akigusa kuta. Mwezi wa pili utamkuta anazungumzia fensi na geti, na uso ni uleule wa enzi za kupanga.

Majirani watasema ni tamaa. Sayansi ya ubongo ina maelezo ya upole zaidi.

Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, alipima seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini kwenye ubongo wa tumbili. Alipowapa tone la juisi wasilolitarajia, seli zilichangamka. Walipokwisha kuzoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikawa zinachangamka taa inapowaka, na juisi yenyewe ilipofika zikabaki kama kawaida. Juisi ikikosekana, zilinywea. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza katika jarida la Science kwamba seli hizi hupima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Nyumba uliyoiwaza miaka 10 haina la kukushtua.

Lakini kazi ninayoipenda zaidi ni ya Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Panya akidondoshewa maji ya sukari mdomoni, hutoa ulimi na kujilamba. Akipewa kwinini, hupanua kinywa na kutikisa kichwa. Kichanga naye ni hivyo hivyo, kama anavyojua kila mama aliyewahi kumpa mwanawe dawa chungu. Mwaka 1989 Berridge na wenzake waliwachunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote. Hawakuwa na hamu ya chochote. Chakula kilikuwa mbele yao, na wangekufa njaa kama wasingelishwa kwa mrija. Hata hivyo, sukari ilipogusa ulimi walijilamba kama panya wengine. Utamu waliusikia, kilichopotea ni msukumo wa kuufuata.

Kutaka na kufurahia, basi, vina mitambo miwili. Wa kutaka ni mpana na una nguvu. Wa kufurahia unategemea maeneo madogo sana, kwa panya karibu milimita moja ya ujazo, yanayoitikia kemikali za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea. Mwenye uraibu ndiye anayeonyesha pengo hili waziwazi: anaitafuta dawa ya kulevya kwa bidii inayozidi, huku raha anayoipata ikipungua.

Hapa wengi hukimbilia utafiti wa Philip Brickman wa mwaka 1978, uliolinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wa maeneo yao wasioshinda. Furaha haikutofautiana sana, na washindi walipata raha ndogo zaidi katika mambo kama kuzungumza na rafiki au kunywa chai ya asubuhi. Umenukuliwa kupita kiasi, kwa maoni yangu. Watu 22 ni wachache mno, na uchunguzi mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta washindi wa fedha nyingi bado wameridhika zaidi na maisha yao miaka 5 hadi 22 baadaye, ingawa kwenye furaha yenyewe tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo nisieleweke kwamba namwambia anayedaiwa kodi ya nyumba asiwaze kesho.

Kuiwaza kesho saa zote ndiko kunakogharimu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitumia simu kuwauliza watu 2,250, kwa saa za kushtukiza: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine, na wenye akili kwingine walikuwa na furaha pungufu hata pale kazi yenyewe ilipokuwa haipendezi. Waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwazidi furaha waliotulia kwenye walichokuwa wakikifanya.

Fred Bryant wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, ameandika sana juu ya namna watu wanavyoikuza raha: kuipa muda, kumwambia uliye naye kwamba jambo hili ni zuri, kuacha mengine kwanza. Wazee wa pwani wanaokaa barazani jioni na kahawa chungu, kashata mkononi, hawakumsubiri profesa.

Ushauri wa kuikuza raha una mpaka wake. Yupo anayekaa baraza hiyo hiyo na haisikii kahawa. Mpira, wajukuu, hata ibada, vyote vimempoa. Hali hiyo ikidumu wiki 2 au zaidi, na usingizi au hamu ya kula vikavurugika, inaweza kuwa sonona, na kumhimiza mtu huyo afurahie alichonacho ni kumwongezea mzigo. Apelekwe kituo cha afya. Sonona hutibiwa kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyokuwa rahisi.