Butura: wizi ambao mwenye mali ameukubali

Ukikutwa usiku Kamachumu na gunia la kahawa usiyoilima, hutapata nafasi ya kujieleza. Wananchi wakikubakishia roho, polisi watakusomea kifungu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imemfuata mwizi hadi mtini: kitu kilichoshikamana na ardhi kinahesabika kuwa cha kuibwa mara tu kinapobanduliwa, hata kama aliyekibandua ndiye mwizi mwenyewe. Wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 7.

Lakini ipo kahawa inayotoka kibanjani mchana kweupe, mwenyewe akiitazama, na hapigi yowe. Hiyo ndiyo butura. Mnunuzi huilipia ikiwa bado maua au punje changa, kwa bei aliyoitaka yeye, kisha husubiri msimu.

Inayomsaidia ni kalenda. Shule zinafunguliwa Januari. Robusta ya Bukoba na Muleba huanza kuchumwa kuelekea Mei. Tuseme mama wa Muleba anatafuta shilingi 60,000 za sare, madaftari na viatu. Mwenye fedha anazitoa papo hapo, bila fomu wala mdhamini, ila anataka gunia la maganda. Msimu ukifika, gunia lile huenda likauzwa mara mbili au tatu ya fedha ile. Na aliyepalilia, akachuma, akaanika na kukimbizana na mvua ni yule yule mama. Mavuno yakiwa haba, deni linavuka mwaka.

Ni wizi? Mahakamani ni vigumu, kwa sababu sheria inamtafuta aliyechukua kwa hila na bila haki, na hapa pana makubaliano, pengine hata karatasi yenye sahihi na shahidi. Ndiyo maana marufuku za viongozi wa mkoa, zilizotolewa mara nyingi, hazijaimaliza. Mkulima ndiye wa kwanza kumficha mnunuzi wake. Januari ijayo atabisha hodi pale pale.

Tangu msimu wa 2018 Serikali ilielekeza kahawa ipite kwenye vyama vya msingi, AMCOS, na vyama vikuu kama KCU. Baadaye minada ikasogezwa mkoani. Hatua nzuri, sibishi. Ila mnada unamfaa mwenye kahawa. Aliyekwisha kuuza maua, bei nzuri anaisikia redioni, na kila inapopanda, anayenenepa ni mnunuzi wa butura.

Kwa maoni yangu, doria za barabarani na vitisho vya jukwaani vinagusa pembeni. Mtu anayehitaji fedha Januari apewe fedha Januari: mkopo mdogo wa chama, wenye riba inayojulikana, unaokatwa kwenye malipo ya msimu. Wanachama wa AMCOS za Bukoba na Muleba, hoja hiyo ipelekeni kwenye mkutano mkuu ujao, kabla mikahawa haijatoa maua mengine.