Sauti ya Siti binti Saad Yasikika Kimana

Mwezi uliopita nilikwenda Kimana, huko Kajiado, kununua vitunguu. Lori likachelewa kupakiwa, nami nikakaa barazani kwa rafiki yangu mwenye duka, mtu wa pwani aliyelowea huko, tukinywa kahawa huku Kilimanjaro ukijifunua na kujificha mawinguni. Mwenyeji wangu alikuwa amefungulia simu yake wimbo wa santuri ya zamani.

Bibi mmoja wa Kifaransa, msafiri wa Amboseli, alisimama kununua maji. Akasikiliza, kisha akasema kwao walikuwa na Edith Piaf, aliyeanza kuimba barabarani mjini Paris na kufariki 1963 akijulikana duniani kote. Akauliza, huyu wenu ni nani? Kijana mpakiaji akanitangulia: "Ni Mwarabu huyo, mzee."

Hapo sikuweza kunyamaza.

Nikamwambia, mwanangu, huyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, yapata 1880, na wazazi wake asili yao ni bara hii hii. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye alichukua vyungu kichwani akavitembeza mitaani. Watu walimsikia akinadi kabla hawajamwona. Sauti ile ndiyo iliyompeleka mjini mwaka 1911, na huko akakutana na wapigaji kama Subeit Ambar na Buda bin Mwendo.

Wakati ule taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Bi Siti aliiimba kwa Kiswahili, na ndiyo maana hata mchukuzi aliielewa. Walimcheka kwa sura yake na asili yake. Yeye akawajibu kwa wimbo, bila matusi, kwamba uzuri wa mtu si uso. Mwaka 1928 akavuka hadi Bombay na wenzake kurekodi santuri, zikanunuliwa kwa maelfu pwani nzima. Shaaban Robert, aliyekutana naye uzeeni, akamwandikia wasifu. Alifariki 1950, Mola amrehemu.

Lakini kwangu mimi, sifa hizo zote ni ndogo mbele ya wimbo mmoja, ule wa Kijiti. Kijiti alikuwa mtu kweli, na aliua kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyechukuliwa matembezini usiku. Muuaji akatoroka, na waliofungwa ni mashahidi wanawake. Mahakama ilifunga jalada. Bi Siti akalifungua, akaimba jambo hilo mbele ya watu ambao wengine walilijua na kulinyamazia. Wapo wasemao taarabu ni mapenzi na mafumbo tu; na wasikilize huo kwanza.

Yule bibi akaomba urudiwe. Mwenye duka akaurudia, tukakaa kimya wanne, hata kahawa ikapoa. Hakuelewa neno, lakini aliuliza kwa nini mwimbaji haliilii. Nami sikuwa na jibu zaidi ya kwamba kwetu mwenye uchungu hana lazima ya kupiga ukelele.

Honi ya lori ikalia. Kijana akaokota gunia lake la mwisho, akageuka: "Na huyo Kijiti, walimpata?"

Nikamwambia alivuka bahari.