Njia ya Urithi Haihitaji Mgeni wa Heshima

Kila kikundi kinachotaka kufufua njia ya urithi au barabara ya mandhari huku Kitui na Makueni huja na swali lilelile: tumwalike nani awe mgeni wa heshima kwenye harambee yetu? Huliuliza kabla ya kujua njia itapita wapi, nani ataifyeka baada ya mvua za Novemba, na kibao kikiangushwa na ng'ombe nani atakisimamisha tena. Jibu langu ni moja: msimwalike yeyote. Harambee ya siku moja, yenye hema, vipaza sauti na mheshimiwa meza kuu, haifai kugharamia njia ya namna hii, na kumpata mheshimiwa mkarimu zaidi hakutaifanya ifae.

Tuanze na kinachotafutiwa fedha. Vitu vya kuonyesha tunavyo tele. Kibwezi ndipo ilipofika barabara ya Mackinnon, iliyoanzwa na kampuni ya Waingereza mwaka 1890 kutoka pwani, na hapohapo ndipo Kapteni Sclater alipoanzia yake ya kuelekea Uganda mwaka 1895. Kutoka Kibwezi, lami ya leo huvuka mto Athi na uwanda wa Yatta, mmiminiko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, kisha hupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Karibu na mji wa Kitui kuna jabali la Nzambani. Huko Kitui ndiko Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara ya Wakamba, alikompokea mmishonari Krapf mwaka 1849, na Desemba ya mwaka huo Krapf akauona Mlima Kenya kwa mbali. Upande wa Makueni kuna vilima vya Mbooni, Kilungu na Nzaui. Milima ipo, historia ipo, na lami ya barabara kuu ni kazi ya serikali. Kinachokosekana ni vitu vidogo visivyokwisha kudai pesa: vibao, vijia vilivyofyekwa, mahali salama pa kuegesha gari, choo safi, mtembezaji anayeijua historia na anayelipwa kila mwezi.

Hapo ndipo imani kwa mgeni wa heshima inapovunjika. Gharama ya njia ni ya kila msimu, ilhali fedha za harambee huja mara moja. Tena nyingi huja kama ahadi, na ahadi iliyotangazwa mbele ya umati haina wa kuidai hema likishakunjwa. Kilicholipwa taslimu hukatwa kwanza kodi ya viti, chakula, mafuta ya magari ya wageni na posho ya mtangazaji. Kinachobaki hutafutiwa kitu kinachoonekana, kwa sababu mtoaji mkubwa anataka jiwe lenye jina lake. Basi kikundi kilichohitaji kufyeka kijia mara mbili kwa mwaka hujikuta kimejenga lango la zege, na miaka miwili baadaye lango limesimama na nyuma yake ni kichaka. Haya tumeshayaona kwa mapana. Miaka ya 1970 nchi ilijaa sekondari za harambee zenye kuta na zisizo na walimu wa kutosha, kwa sababu kuta huchangiwa kwa siku moja lakini mshahara hauchangiwi hivyo. Na hapa kwetu, Chuo cha Kilimo cha Ukambani, UKAI, pale Kwa Vonza, kilizaliwa kwa michango ya wananchi. Lakini kilipata uhai wa kudumu kilipobebwa na bajeti ya umma, kwanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kisha kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya mwaka 2013.

Ubaya wa pili ni kwamba mgeni wa heshima hatoi bure. Uchunguzi uliochapishwa na Transparency International Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha michango ya harambee ikipanda uchaguzi unapokaribia, wanasiasa wakiwa mstari wa mbele kutoa. Kikundi kinachotegemea mkono huo kina mapato ya mwaka mmoja katika mitano, na ramani yake huanza kupinda: njia inapitishwa kwa fulani, kituo kinawekwa kwenye wadi fulani. Wapo wanaojibu kwamba sheria imeshalishughulikia hilo. Ni kweli kwamba Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa kutumia cheo chake kushinikiza watu wachange, na Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kupanga mwaka mzima kwa kumtegemea mtu ambaye huenda haruhusiwi hata kukaa kwenye hema lenu.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba kuikataa harambee ni kuukataa utamaduni wetu. Sivyo. Cha kale kwetu ni mwethya, na mwethya haukuwa na meza kuu. Ulikuwa kazi ya zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyefika anajulikana. Matuta yaliyookoa udongo wa Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni hadi 1992, yalichimbwa sana na vikundi hivyo, vingi vikiwa vya wanawake, na yamedumu kwa sababu waliochimba ndio waliorudi kuyakarabati. Anayetaka kufuata mila na afuate hiyo.

Pingamizi la pili ni la wenye hesabu: mbona mashindano ya magari ya Rhino Charge hukusanya mamilioni? Naam, lakini tazameni vizuri. Mashindano hayo yalianza 1989 na yamekuwa yakirudi karibu kila mwaka. Kila timu hutafuta wafadhili wake ili ishiriki, na lengo lilikuwa moja lenye kupimika, ua wa Aberdare wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Ni miaka 20. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, nazo hutoza kiingilio na hurudi Juni. Mifano hii inathibitisha hoja yangu: fedha zililetwa na marudio na lengo. Na wasioamini kwamba njia yenyewe inaweza kulisha urithi wake, waende Makindu. Gurdwara ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926 na jamii iliyokuja na reli, huwapa wasafiri wa barabara ya Mombasa chakula na malazi bila malipo, na hudumu kwa sadaka za hiari.

Basi fanyeni hivi. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022. Andikeni gharama za mwaka mmoja, kazi kwa kazi, kabla ya kuomba shilingi. Chagueni tukio moja la kurudia kila mwaka kwa tarehe ileile: matembezi ya Nzambani, mbio za baiskeli Kibwezi hadi Athi, au kupanda Mbooni, tozeni kiingilio, malipo yapite M-Pesa, na hesabu zisomwe hadharani ndani ya mwezi mmoja. Wana Kitui na Makueni walio Nairobi waombwe kiasi kidogo cha kila mwezi badala ya ahadi kubwa ya Desemba. Vibao vya kando ya barabara kuu viombeeni kibali KeNHA, vya barabara za vijijini KeRRA au kaunti, na msiguse eneo la kihistoria bila kuwauliza Makavazi ya Taifa. Kwa vijia na vyoo, nendeni kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti. Makueni imezoea kuwasikiliza wananchi tangu ngazi ya kijiji, na Kitui idaiwe vivyo hivyo. Kazi ya kufyeka ifanywe kwa mwethya, mara mbili kwa mwaka, na majina ya waliofika yaandikwe. Kikundi kikifanya haya kwa miaka mitatu mfululizo, kitakuwa na rekodi ya kumwonyesha mfadhili yeyote, na kitaweza kukataa fedha zinazokuja na masharti ya kupindisha njia.