Kamyo ilishatoka ao iko inatoka? Kiingereza cha biashara kwa wakaaji wa Mulekera

Kila mtu mwenye kuuzisha kakao Mulekera anajua swali hili: kamyo ilishatoka, iko inatoka, ao itatoka? Majibu ni matatu na kila moja lina bei yake. Kama ilishatoka, mnunuzi anatayarisha depo na watu wa kushusha. Kama iko inatoka, anangoja simu nyingine. Kama itatoka, bado anaweza kubadilisha mawazo na kutafuta mzigo pengine. Kwa Kiswahili hakuna anayepotea hapo. Shida inaanza pale ujumbe unapoandikwa kwa Kiingereza.

Wakaaji wengi wanaojifunza Kiingereza Beni na Butembo wanasema jambo moja: maneno wanayo, lakini nyakati za vitendo ndizo zinawachanganya. "I pay", "I paid", "I have paid", "I am paying". Shuleni walizikariri kama meza ya hesabu, wakafanya mtihani, wakazisahau. Katika kazi zinarudi, na safari hii kosa halipunguzi pointi, linapunguza feza.

Tuseme ukweli kwanza. Mtu anayevuka Kasindi kwenda soko la Mpondwe hahitaji Kiingereza sana. Upande wa pili wa mto Lubiriha watu wanaongea Lukonzo, na Lukonzo na Kinande vinasikilizana. Kiswahili nacho kinatosha kwa mengi. Kiingereza kinaingia mbele zaidi: faktire ya Kampala, karatasi za kontena iliyoshuka bandari ya Mombasa, ujumbe wa WhatsApp na muuzaji wa Dubai ao Guangzhou, mtihani wa kazi katika shirika la misaada. Tangu Kongo itie sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili 2022 kule Nairobi, karatasi za namna hiyo zinazidi. Mkataba wenyewe, katika kifungu cha 137, ulivyoandikwa kwanza ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa ili watu wa jumuiya waelewane. Kwa hiyo unaweza kupatana bei kwa Kiswahili na bado ukapewa karatasi ya Kiingereza uitie sahihi.

Sasa, kwa nini nyakati hizi zinatusumbua? Kwa maoni yetu sababu kubwa ni kwamba tunafika kwa Kiingereza tukipitia Kifaransa. Walimu wetu walisoma kwa Kifaransa, vitabu vinafafanua kwa Kifaransa, basi mwanafunzi anatafsiri kutoka Kifaransa. Na Kifaransa, kwa jambo hili, ni njia yenye mashimo.

Chukua "j'ai payé hier". Mfaransa anasema "j'ai payé" kwa malipo ya jana, ya mwaka uliopita, na ya sasa hivi. Mwanafunzi wetu anaona "ai" ni "have", "payé" ni "paid", anaandika: "I have paid yesterday." Mwingereza anasikia vitu viwili vinavyogombana. "I have paid" inamwambia hali ya sasa: deni limekwisha, usiniulize tena. "Yesterday" inamrudisha kwenye siku fulani iliyopita. Ukitaja siku, lazima useme "I paid yesterday". Usipotaja siku, na unataka mtu ajue hali ya leo, unasema "I have paid".

Wengi wanaumia kichwa hapo, lakini Kiswahili tunachosema barabarani kina tofauti hiyo hiyo. Nani kati yetu husema "nilishalipa jana saa ine"? Ukitaja jana na saa, mara nyingi unasema "nililipa jana saa ine". Ukitaka kumnyamazisha mwenye deni unamwambia "Mama, nilishalipa", bila saa. Katika Kiswahili cha Tanzania wanasema "nimelipa" na "nililipa", ni mgawanyo ule ule. Basi "nilishalipa" ni "I have paid", na "nililipa" ni "I paid". Wala si sawa kwa asilimia mia, maana hakuna lugha mbili zinazolingana hivyo, lakini mtu akianzia hapo atakosea mara chache kuliko yule anayeanzia kwa "j'ai payé".

Mfano wa pili ni mzuri zaidi, na walimu wengi wanaudharau kwa sababu wanaona ni Kiswahili kibovu. Muulize mama wa butiki anafanya nini. Akikujibu "niko nauzisha", maana yake wateja wako mbele yake, usimsumbue. Akikujibu "nauzishaka unga na sukari", anakueleza kazi yake ya kila siku, hata kama leo amefunga mlango. Kifaransa kinatumia "je vends" kwa yote mawili. Kiingereza kinatenganisha kama sisi: "I am selling" ni niko nauzisha, "I sell" ni nauzishaka. Ile "-ka" ya mwisho, ambayo mwalimu wa shule huikata kwa wino mwekundu, ndiyo inakuonyesha wakati wa kuacha "-ing".

Kosa lake linasikika sana katika mahojiano ya kazi. Mtu anaulizwa "What do you do?", anajibu "I am driving a truck." Aliyemuuliza anaweza kutabasamu, maana kijana amekaa kwenye kiti, hana usukani. Alitaka kusema "I drive a truck", naendeshaka kamyo.

Kuna na neno moja la majirani zetu linalofaa kujulikana. Mtu wa Kampala ao Nairobi anaweza kusimama, kuelekea mlangoni na kukuambia "I am coming". Usishangae. Anamaanisha atarudi sasa hivi, kama tunavyosema "nakuya" huku tunatoka. Kiingereza cha kitabu hakisemi hivyo, cha jirani kinasema.

Njia ya Kiswahili inatusaidia pia kwa maneno "if" na "when". Kifaransa kinasema "quand tu arriveras", na wakati ujao uko ndani. Mwanafunzi anaandika "when you will arrive". Kiswahili kinasema "ukifika", bila "-ta-" yoyote, na Kiingereza vilevile: "when you arrive". Kwa biashara sentensi hii ina uzito, kwa sababu ndiyo inabeba masharti. "If you send the balance, we will load the truck." Ukituma feza iliyobaki, tutapakia. Sehemu ya "uki-" haina "will", sehemu ya "tuta-" inayo.

Lakini kuna mahali Kiswahili nacho kinatudanganya, tena pabaya. Ni pale mtu anapoeleza muda aliotumika. Tunasema "natumika hapa tangu 2019", Mfaransa anasema "je travaille ici depuis 2019", na wote wawili tunatumia wakati wa sasa. Kiingereza kinakataa. Kinataka "I have worked here since 2019" ao "I have been working here since 2019". Hapa hakuna daraja la kuvukia, ni kukariri tu: ukiona "since", ile yenye "have" iko karibu.

Fikiria waliotumika wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa muda ule vijana wengi wa Beni, Mangina na Butembo walipata kazi ya kunawisha watu mikono, kufuata waliogusana na wagonjwa, kuendesha magari, kutafsiri kwa wageni. Kazi hizo ziliisha. Lakini mtu akiandika katika CV yake "I have worked as a driver for two years", msomaji anaelewa kwamba bado anaendesha, miaka miwili mpaka leo. Halafu anaona tarehe zinaishia 2020, anajiuliza kama mtu huyu anaficha kitu. Hakuficha kitu. Alipaswa kuandika "I worked as a driver for two years, from 2018 to 2020." Neno moja dogo, "have", linaweza kufanya mtu mwaminifu aonekane mwongo.

Namna ya kujizoeza? Kitabu cha sarufi ni kizuri, lakini mdomo hauzoei kwa kusoma. Mzoee wawili, mmoja akiwa muuzaji wa Mulekera, mwingine mnunuzi wa Kampala, kila mmoja na simu sikioni hata kama haina muunganisho. Huu ni mfano tuliotunga:

— Good morning, madam. Have you received the photos?

— Yes, I received them last night. How many bags do you have?

— I have forty bags. We are drying ten more.

— Have you weighed them?

— We weighed thirty on Monday. We have not weighed the others.

— When will the truck leave?

— It will leave when you send the balance.

— I am sending it now.

Angalieni swali la kwanza na jibu lake. Muuzaji anauliza "Have you received", ulishapokea? Hakuna siku. Mama anajibu na "last night", basi "have" inaanguka: "I received". Ni vilevile kwa mizani: swali halina siku, jibu lina Jumatatu. "We are drying" ni tuko tunaanika, kakao iko juu ya turubai saa hii. Na mwisho, "I am sending it now". Yuko anatuma, bado hajamaliza. Mfanyabiashara mwenye akili hapakii kwa sentensi hiyo. Anangoja "I have sent it", kisha anaangalia mwenyewe kama feza imeingia.

Mkishazoea, mbadilishane nafasi, halafu mbadilishe neno moja tu la wakati. Toeni "on Monday", wekeni "already". Toeni "now", wekeni "tomorrow". Mara nyingi kitendo kinageuka. Hili zoezi la dakika 10 linafaa kuliko kurasa tano za kujaza nafasi zilizo wazi.

Vitendo vyenyewe si vingi. Biashara yetu inazungukia kama kumi hivi, na vingi vinabadilika vibaya: buy inakuwa bought, sell ni sold, pay ni paid, send ni sent, bring ni brought, lose ni lost. Load, weigh na owe vinachukua "-ed" ao "-d" tu. Anza na hivyo. Vingine vitakuja na kazi. Jambo moja la kushika: baada ya "did" kitendo kinarudi nyumbani. "Did you send", si "did you sent". Wakati umeshabebwa na "did", usiubebe mara mbili.

Jioni, ukifunga butiki, chukua kaye yako ya hesabu na usome kwa sauti ulichouzisha: "I sold six bags of flour. I bought two boxes of soap. A customer paid half. He still owes ten dollars." Hayo ni mambo yako, unayajua, huhitaji kutafuta mawazo. Anayetumika ofisini afanye hivyo na ripoti yake ya siku.

Tusimalize bila kugusa barabara, maana mazungumzo mengi ya kikazi hapa kwetu ni kueleza kuchelewa. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilomita 80 hivi, na kila mtu anajua kwamba siku nyingine usalama unasimamisha magari. Mnunuzi wa mbali hajui. Anachotaka ni kujua shida iko wapi katika wakati: ilikwisha ao inaendelea? "The road was closed yesterday" inamwambia kwamba leo imefunguliwa. "The road has been closed since yesterday" inamwambia kwamba mpaka sasa imefungwa. Ukimwandikia ya kwanza wakati ulitaka kusema ya pili, atatuma watu wa kushusha mzigo, watangoja bure, na atakulipisha siku yao.

Na kama uko na haraka, kichwa kimechoka, hukumbuki kama ni "paid" ao "have paid", andika siku na saa ya jambo lenyewe, na picha ya bordero pembeni. "Payment: Monday 10 a.m., 500 dollars. Balance: 300 dollars." Hakuna kitendo hata kimoja hapo, na kila mtu ameelewa.