Mfano wa MiG ya Vita vya Kagera: Ufunge Silaha Gani?
Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, ukitaka kuchonga mfano wa ndege ya vita ya mwaka 1978, anza na swali moja: ilitumwa kufanya nini?

Jeshi la Idi Amin lilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Ndege zake zilijaribu kulipiga daraja la Kyaka, zikalikosa. Novemba likavunjwa kwa baruti iliyotegwa. Kwa hiyo chini ya mabawa weka mabomu. MiG-17 ina pia mizinga mitatu puani: mmoja wa milimita 37, miwili ya milimita 23.

Ukifunga makombora ya kutungua ndege, mtoto atadhani ndege zilipigana zenyewe angani, kumbe shabaha ilikuwa daraja letu.