Je, Kahawa Huzuia Mtoto?



Kahawa si zao la Mamba. Bondeni kwetu tunalima mpunga, mahindi, karanga na alizeti. Hata hivyo kahawa imekwisha kuingia majumbani. Ipo ile ya kopo inayotengenezwa Bukoba, na ipo ya kusaga itokayo Mbozi. Mama anayeamka alfajiri hunywa kikombe kabla ya kwenda shambani. Baba hunywa jioni barazani. Hakuna anayesema neno, mpaka nyumba hiyo inapokosa mtoto.

Hapo maneno huanza. Mama amekwenda hospitali, amepewa vidonge, na wifi yake anamkuta na kikombe mkononi. "Wewe utazaaje? Kahawa inakausha kizazi!" Mama anaacha kahawa. Mwezi unapita, hedhi inakuja. Sasa anaambiwa ubaya uko katika chai. Anaacha chai. Miaka miwili inapita namna hiyo, na wakati wote huo mumewe hajapimwa hata mara moja. Mambo haya yanatokea, na ndiyo sababu tumeona tulieleze jambo hili.

Ndani ya kahawa mna kitu kiitwacho kafeini. Ndicho kinachofukuza usingizi na kuufanya moyo uende mbio. Kikombe cha kawaida kina kafeini ya miligramu 60 hadi 100 hivi, kwa kutegemea wingi wa unga uliotiwa. Kikombe cha chai kina kama nusu yake. Soda nyeusi ya kola inayo pia. Vinavyo vilevile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda hupenda kunywa, na hata baadhi ya vidonge vya kutuliza kichwa. Kwa hiyo mtu anayeapa kwamba haonji kahawa anaweza kuwa amepata kafeini nyingi kuliko mwenzake mwenye birika.

Je, kafeini huzuia mimba? Waganga wamelichunguza swali hili, hasa kwa wanawake wanaotibiwa kwa njia ya kupandikiza. Katika njia hiyo yai la mwanamke hutolewa, hukutanishwa na mbegu za mwanamume katika chombo cha maabara, kisha hurudishwa katika mji wa uzazi. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na siku hizi huduma hiyo inapatikana hata Dar es Salaam, ingawa gharama yake ni kubwa. Mwaka 2012 waganga wa mji wa Aarhus, katika nchi ya Denmark, walitangaza habari za wanawake karibu 4,000 waliotibiwa hivyo. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kila siku walipata mimba kwa uchache sana, karibu nusu ya wasiokunywa. Lakini mwaka 2019 uchunguzi mwingine wa huko huko Denmark haukuona kwamba kikombe kimoja hadi vitano kwa siku kilipunguza bahati ya mama anayepandikizwa.

Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba kosa ni la kahawa yenyewe. Anayekunywa vikombe vingi huenda halali vizuri, au anavuta sigara. Hata hivyo tunapata kipimo cha kufaa: kikombe kimoja au viwili kwa siku hakijaonekana kumzuia mama kupata mtoto. Vitano ni vingi mno.

Kuna sababu nyingine ya kushika kipimo hicho. Mama anayetibiwa ugumba anaweza kuwa na mimba ya siku kumi bila kujua. Mimba ikiingia, kafeini hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida, tena humfikia mtoto tumboni. Ikizidi, inahusishwa na mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana waganga wa nchi nyingi huwaambia wajawazito wasipite miligramu 200 kwa siku. Ni vyema mama aanze kuzoea mapema. Lakini hesabu ni ya vyote pamoja, yaani kahawa, chai na soda.

Jambo jingine ni damu. Kahawa na chai vikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usichukue vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Huku kwetu malaria na safura vinakula damu ya akina mama, nasi tunaongeza hasara mezani. Kula kwanza, kaa kama saa moja au mbili, kisha unywe kahawa yako. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinywe kwa maji, si kwa chai. Na ukipewa dawa ya vijidudu iitwayo doksisaiklini, usiinywe pamoja na maziwa wala pamoja na vidonge hivyo vya damu, kwa maana haitafanya kazi sawasawa.

Sasa tuje kwenye yale yanayozuia mtoto kwa kweli. Sababu kubwa katika Afrika ni maradhi ya zinaa ambayo hayakutibiwa, hasa kisonono na klamidia. Vijidudu hupanda polepole mpaka kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mrija ukiziba, yai na mbegu haviwezi kukutana. Ubaya wa klamidia ni kwamba wanawake wengi hawasikii maumivu yoyote. Hali kama hiyo huweza kutokea mama akipata uambukizo baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Kichocho nacho, ambacho watu hukipata kwa kuingia katika maji yenye konokono, huweza kudhuru viungo vya uzazi vya mwanamke. Wakulima wa mpunga walikumbuke hilo. Kuna pia wanawake ambao mayai yao hayapevuki kila mwezi. Hao wengi husaidiwa kwa vidonge.

Mrija ulioziba hauzibuki kwa kuacha kahawa. Hauzibuki kwa mizizi pia.

Na baba je? Katika nyumba nyingi zisizo na mtoto, karibu nusu, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo hilo, peke yake au pamoja na mkewe. Mbegu zaweza kuwa chache, au dhaifu, au njia yake imeziba kwa kisonono cha zamani. Kuwa na nguvu za kiume si ushahidi kwamba mbegu ni nzima. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote anavyofanyiwa mama, tena hakiumi. Lakini tunawajua wanaume ambao wako radhi kuoa mke wa pili kuliko kutoa mbegu zipimwe. Sigara inadhuru uzazi wa wote wawili. Sisi wa upande wa Mpanda tunaijua tumbaku kama zao la fedha, basi na tuijue pia kwa hilo. Pombe nyingi nayo hudhoofisha mbegu, na kulowa muda mrefu katika maji ya moto sana vilevile. Wanaopenda maji ya moto wasilichukie jina la Majimoto kwa ajili hiyo, ila wasikae humo kutwa.

Mume na mke waliokaa pamoja miezi 12 bila kuzuia mimba, na mimba haijaingia, waende zahanati au kituo cha afya. Kama mama amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita, kwa kuwa mayai hupungua kadiri umri unavyoendelea. Waende wote wawili siku moja. Mama aandike tarehe za hedhi zake za miezi michache iliyopita. Wachukue pia makaratasi na majina ya dawa zote walizokwisha kutumia, hata za miti shamba. Wakiandikiwa kwenda Mpanda, au mbali zaidi kama Tabora au Mbeya, watunze karatasi za vipimo ili wasianze upya kila wafikapo. Wakipewa dawa za maradhi ya zinaa, wazinywe wote wawili mpaka ziishe. Mmoja akiziacha atamwambukiza mwenzake tena.

Anayekunywa kahawa nyingi asiache ghafla. Kichwa kitamuuma siku mbili tatu, naye atadhani dawa za hospitali ndizo zinazomdhuru na kuziacha. Apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku chache, akianza na kile cha usiku.